Maswali ya Wasomaji: Wanyama wa Bahari Katika Tangi Dogo la Lubumbashi

Mwezi huu tumepokea barua tano zinazohusu jambo moja, yaani kufuga samaki na wanyama wengine wa bahari katika tangi dogo la nyumbani. Ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, na jibu lake pia ni refu, kwa sababu aliyeiandika bado hajanunua chochote, hivyo ushauri unaweza kumfikia kabla ya hasara.

SWALI: Ndugu Mwandishi, kwa miaka sita nimefuga samaki wa Ziwa Tanganyika walioletwa kutoka Moba, na sijapata shida kubwa nao. Sasa watoto wangu wanataka bahari. Nina tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kimo cha 40, na kuna mfanyabiashara aliyenihakikishia kwamba anaweza kuniletea wanyama kwa ndege kutoka pwani ya Kenya. Orodha yetu ni hii: samaki klauni wawili pamoja na anemoni yao (yule mnyama laini mwenye minyiri ambamo klauni hujificha), yule samaki wa buluu mwenye mkia wa njano, mandarini mmoja, farasi wa bahari wawili, kiti cha pweza mwekundu (yaani nyota wa bahari), na kamba kadhaa. Ndani ya tangi nitaweka jiwe la malakiti na msalaba mdogo wa shaba ambao marehemu baba yangu aliniachia, ili tangi lijulikane kuwa ni la Katanga. Je, orodha hii inafaa? (Baba wa watoto watatu, Kampemba)

JIBU: Baba mheshimiwa, naanza na mwisho wa barua yako, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Msalaba wa marehemu baba yako utundike ukutani, na malakiti iweke mezani ambako kila mgeni ataiona, lakini ndani ya maji ya chumvi visiingie. Msalaba ni shaba tupu iliyoyeyushwa, na ule ukijani wa malakiti unatokana na shaba hiyohiyo. Shaba, au mukuba kama tunavyosema hapa kwetu, huingia katika maji kidogo kidogo, na kiasi ambacho jicho halikioni wala ulimi haukionji kinatosha kuua konokono, kamba, kaa na matumbawe. Samaki huvumilia kiwango ambacho kamba hakiwezi, na ndiyo maana mtu huwaona samaki wake wazima akadhani maji ni mazuri, huku wanyama wasio na uti wa mgongo wakimalizika mmoja baada ya mwingine.

Niliwahi kupoteza konokono wanane kwa siku tatu kwa ajili ya valvu moja ya shaba ya njano niliyokuwa nimeifunga kwenye mpira wa kujazia maji. Siku ya kwanza waliteremka wote kutoka kwenye kioo. Siku ya pili walikuwa wamelala chali mchangani, nyayo zimejikunja, na kile kifuniko kidogo ambacho konokono hujifungia mlango hakikusogea hata nilipokigusa kwa kidole. Samaki waliendelea kula kama kawaida. Tangu hapo sitii ndani ya tangi la chumvi kitu chochote cha chuma, wala sipitishi maji yake katika kiungo chochote cha shaba.

Kwa hiyo, kabla ya samaki, tafuta maji. Maji ya bomba na ya kisima katika ukanda wetu wa madini yasitumike bila kupitishwa katika chujio la utando la osmosisi, likifuatiwa na chujio la resini linaloondoa madini yaliyobaki. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya mabati nayo hayafai, kwa kuwa bati hukusanya vumbi la barabara na la machimbo kwa miezi yote ya kiangazi kabla ya mvua ya kwanza. Nunua pia kipimo cha shaba, kile cha matone yanayobadilisha rangi, na uyapime maji yaliyochujwa kabla ya kutia chumvi. Chumvi yenyewe iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya akwariamu za bahari, takriban gramu 35 kwa kila lita moja, mpaka kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025. Chumvi ya jikoni haiwezi kushika nafasi yake, kwa sababu haina magnesi, kalsiamu wala kaboneti ambazo konokono na matumbawe huzihitaji kujenga makombe na mifupa yao. Wapo pia wanaofikiria kuleta maji ya bahari yenyewe kwa lori kutoka Dar es Salaam. Safari hiyo ni ya karibu kilomita 2,000, na viumbe wadogo waliomo ndani ya maji hayo hufa na kuoza katika bidoni kabla ya kufika mpakani Kasumbalesa.

Sasa tuitazame nyumba yako. Tangi lako lina lita 96 likijazwa hadi ukingoni, na ukishatia mchanga na mawe zitabaki lita 75 au 80 za maji. Kiasi hicho ni kidogo kwa bahari. Kosa ambalo samaki wako wa Tanganyika walikusamehe kwa wiki nzima, hapa litaonekana kwa siku moja. Tena mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban moja ya nane ikilinganishwa na pwani, na oksijeni inayoingia majini hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Maji ya chumvi nayo hubeba oksijeni kidogo kuliko maji matamu yenye joto lilelile. Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaona kwamba samaki wa bahari anayefugwa Lubumbashi anaishi na akiba ndogo ya pumzi kuliko ndugu yake wa Mombasa, na akiba hiyo huisha haraka umeme unapokatika.

Umeme ndio unaopaswa kukuchagulia wanyama kuliko kitu kingine chochote. Ukikatika usiku, kinachokosekana kwanza ni mzunguko wa maji na oksijeni, kisha joto, na mwisho kabisa mwanga, ambao matumbawe mengi huweza kuukosa kwa siku moja au mbili bila kudhurika. Hivyo fedha ya kwanza baada ya tangi iende kwenye pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na kujiwasha yenyewe umeme unapokatika. Mwezi wa Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10, zungushia kioo blanketi pande zote na uache juu wazi ili hewa ipite. Chujio la kopo lililofungwa likisimama kwa saa nyingi, usiliwashe tena kabla ya kulifungua na kulisuuza, kwa kuwa maji yaliyolala ndani yake yamekwisha kukosa oksijeni na yanaweza kuingiza sumu katika tangi zima. Kuna jambo la tatu ambalo wengi hulisahau, nalo ni friza. Wanyama kadhaa wa bahari hula chakula kilichogandishwa tu, na chakula kilichoyeyuka kikaganda tena mara tatu kwa wiki ni chakula kilichooza. Mchague samaki anayekula punje kavu.

Ukiipima orodha yako kwa vigezo hivyo, nusu yake itaondoka, nami nasikitika kuwaambia watoto hivyo. Yule wa buluu mwenye mkia wa njano, ambaye kisayansi huitwa Paracanthurus hepatus, huuzwa akiwa na ukubwa wa sarafu, lakini hukua hadi kufikia karibu sentimita 30 na ni muogeleaji wa mchana kutwa. Tangi lako lote ni urefu wa miili yake miwili tu. Mandarini ni samaki mzuri kupita kiasi, na macho hayana pazia, lakini hushinda akidonoa vijidudu hai juu ya mawe, mdono baada ya mdono, na tangi dogo jipya humaliza vijidudu hivyo kwa siku chache, kisha yeye hukonda taratibu mbele yenu mpaka tumbo linabonyea. Farasi wa bahari hula polepole mno, na samaki yeyote mchangamfu humnyang'anya chakula. Anahitaji tangi lake peke yake, na biashara yake ya kimataifa husimamiwa na CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, hivyo mfanyabiashara wako lazima awe na karatasi zake. Kiti cha pweza mwekundu wa pwani ya Afrika Mashariki, Protoreaster linckii, hufikia upana wa sentimita 30 na hula wanyama wengine wasio na uti wa mgongo. Nilimwona mmoja akiwa amewafunika konokono wawili kwa tumbo lake lililotoka nje ya mdomo, na asubuhi yake yalibaki makombe matupu.

Anemoni nayo ningeiacha, angalau kwa mwaka wa kwanza. Inahitaji mwanga mkali, maji yaliyotulia kwa miezi mingi, na ina tabia ya kutembea ikitafuta mahali, mpaka siku moja inaingia kwenye pampu na kusagwa, na mabaki yake huharibu maji ya tangi lote. Samaki klauni hahitaji anemoni akiwa ndani ya tangi, kwa sababu hakuna wa kumwinda. Akizaliwa katika matangi ya wafugaji, huenda hajawahi kuiona anemoni maishani mwake.

Hapo niseme neno kuhusu asili yao. Klauni unayemtaka ni Amphiprion ocellaris, naye hapatikani katika pwani ya Kenya. Makwao ni bahari za Asia ya Kusini-Mashariki na kaskazini mwa Australia. Mfanyabiashara akikuambia kwamba atamvua Mombasa, basi atakuletea jamaa zake, Amphiprion allardi au Amphiprion akallopisos, ambao hukua zaidi na, kwa kuwa wametolewa baharini, hutaabika zaidi kuzoea punje na kioo. Mwombe ocellaris waliozaliwa katika ufugaji. Hubaki na sentimita 8 au 9, hula punje tangu siku ya kwanza, na huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Chagua wawili wadogo wasiolingana ukubwa. Wote huzaliwa wakiwa na uwezo wa kuwa madume, kisha aliye mkubwa hugeuka kuwa jike na mdogo hubaki dume, na kwa hiyo ukiwaweka wakubwa wawili waliokwisha kuwa majike watapigana mpaka mmoja afe.

Pamoja nao ningekushauri umlete samaki mmoja tu wa mchangani, goby wa njano aitwaye Cryptocentrus cinctus, na kamba wa jamii ya Alpheus. Kama kuna kitu kimoja katika tangi dogo ambacho watoto wako watakiangalia kwa miaka bila kuchoka, basi ni hawa wawili. Kamba huyu haoni vizuri hata kidogo. Huchimba shimo chini ya jiwe, akitoka na mchanga amebeba mbele yake kwa gando kama mtu anayesukuma toroli, anaumwaga nje, anarudi. Goby amekaa mlangoni, macho juu. Kila kamba anapotoka, sharubu yake moja ndefu huwa imegusa mwili wa goby, na goby akiona kivuli hutikisa mkia mara moja tu, kwa wepesi ambao wewe huenda usiuone, na kamba anakuwa amekwisha kuingia ndani. Gando lake kubwa hulia kwa kishindo kikavu, na usiku wa kwanza utaamka ukidhani kioo kimepasuka. Ila mawe yako yasikae juu ya mchanga; yaweke moja kwa moja juu ya kioo cha chini kisha umwage mchanga kuyazunguka, kwa sababu huyu atachimba chini yake na kuyaangusha.

Nafasi ya samaki wa nne, ukiitaka, mpe Gramma loreto wa zambarau na njano kutoka Karibiani, au Pterapogon kauderni wa Visiwa vya Banggai nchini Indonesia. Huyu wa pili amevuliwa mno mpaka akaorodheshwa kuwa yuko hatarini kutoweka, basi mnunue yule aliyezaliwa katika ufugaji peke yake. Dume lake hubeba mayai na watoto mdomoni bila kula kwa wiki kadhaa. Samaki wanne, nawe ukome hapo. Yule mdogo wa buluu mkali na yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, ambao wauzaji huwatoa kwa bei ya chini, ni wa jamii ya damseli. Wakishajimilikisha kona moja ya tangi lenye urefu wa sentimita 60 hawamwachii mgeni yeyote pumzi.

Kwa upande wa wasafishaji, konokono sita wa jamii ya Trochus wanatosha kula mwani wa kioo na mawe, na unaweza kuongeza watatu wa jamii ya Nassarius ambao hulala chini ya mchanga na kuibuka wakisikia harufu ya chakula. Wale kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe yaliyoachwa na konokono ni wazuri, wawe watatu au wanne, mradi uwatilie makombe matupu ya ziada yenye ukubwa mbalimbali. Wasipoyapata humuua konokono ili wamwibie lake. Kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, mwenye mstari mweupe mgongoni katikati ya mistari miwili myekundu, awe mmoja au wawili. Usimchanganye na yule mwenye pete nyekundu na nyeupe miguuni, Stenopus hispidus, ambaye huwashambulia kamba wenzake.

Kabla ya yeyote kuingia, tangi likae na maji, mawe na mchanga kwa wiki nne hadi sita, mpaka amonia na nitriti, yaani sumu zinazotokana na uchafu, zisome sufuri. Usihamishe sponji ya tangi lako la Tanganyika ukitarajia kwamba bakteria wake watafanya kazi ya kuondoa sumu hizo. Chumvi huwaua au huwalemaza. Kisha waingie konokono, baada ya wiki mbili kamba na goby, halafu yule wa nne, na klauni wawe wa mwisho, kwa sababu wao ndio watakaojifanya wenye nyumba. Funika juu kwa wavu, maana goby huruka. Joto liwe nyuzi 25. Maji yanayopungua kwa mvuke, nayo hupungua sana katika hewa kavu ya kiangazi chetu, yarudishe kila siku kwa maji matamu yaliyochujwa, bila chumvi, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke bali hubaki tangini na kukolea.

SWALI: Kaka Mwandishi, nina kamba msafishaji mmoja. Jana asubuhi nilimkuta amekufa, mweupe, amelala nyuma ya jiwe, nikalia kweli. Leo kuna kamba anayechungulia chini ya jiwe hilohilo! Mume wangu anasema nimechanganyikiwa. (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama mpendwa, hujachanganyikiwa. Ulichokiona jana ni vazi lake. Kamba hakui ndani ya gamba lake, kwa hiyo kila baada ya wiki chache gamba hupasuka kati ya kichwa na mkia, naye huruka nje mzima, akiacha nyuma miguu, sharubu na hata kifuniko cha macho. Lishike vazi hilo kwa upole juu ya kiganja: ni jepesi kama ganda la kitunguu, halina nyama, na mwanga unapita. Kamba aliyekufa kweli huwa na uzito, huwa na rangi ya waridi kama aliyepikwa, na hunuka.

Anajificha kwa sababu gamba jipya bado ni laini. Kwa siku moja au mbili usisogeze mawe wala usibadilishe maji mengi. Ukiona mayai ya kijani yamejibandika chini ya tumbo lake baadaye, usishangae, kwa kuwa kila kamba wa aina hii huwa dume na jike kwa wakati mmoja, ingawa akiwa peke yake mayai hayo hayatatotolewa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa mjini. Niliagiza samaki wawili, wakafika baada ya karibu siku mbili njiani kwa sababu ndege ilichelewa. Nilifuata ushauri wa kuwazoesha polepole, nikawatiririshia maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili wakiwa katika ndoo. Wote wawili walikufa ndani ya ndoo, na walikuwa wamefika hai. Nimekosea wapi?

JIBU: Mdogo wangu, pole. Ulifanya kwa uangalifu ushauri ambao ni mzuri kwa samaki aliyekaa mfukoni saa mbili, na ambao humuua aliyekaa siku mbili. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki hutoa kaboni dioksidi, na hiyo huyafanya maji yawe na asidi. Hutoa amonia vilevile. Maadamu asidi ipo, sehemu kubwa ya amonia hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuru sana. Ulipofungua mfuko, kaboni dioksidi ilitoroka. Ulipoongeza maji ya tangi yako, ambayo yana pH (kipimo cha asidi, ambacho namba yake hupanda asidi inapopungua) ya 8.1 au zaidi, asidi ilipungua zaidi, na amoniamu ile ikageuka kuwa amonia yenye sumu, samaki wakiwa bado wamo ndani yake. Kila tone ulilotia kwa nia njema lilikuwa linaongeza sumu.

Safari ijayo, muulize muuzaji kabla hajafunga mzigo ametumia maji yenye uzito gani, kwa kuwa wengi husafirisha katika maji yenye chumvi pungufu. Tayarisha tangi la karantini, yaani la kuwatenga wageni, au ndoo kubwa yenye pampu ya hewa na hita, maji yake yakiwa na uzito uleule wa maji ya mfukoni. Mfuko uelee juu ya maji hayo ukiwa umefungwa kwa dakika 15 au 20, mpaka joto lilingane. Kisha ufungue, mtoe samaki kwa mkono au kwa chombo cha plastiki, umwingize mara moja, na maji ya mfuko uyamwage chooni. Chumvi ipandishe kidogo kidogo kwa siku kadhaa baadaye.

Kamba na konokono ni kinyume chake. Wao hutoa amonia kidogo lakini mabadiliko ya chumvi huwaua, kwa hiyo kwao matone ya saa moja au zaidi yanafaa, ukiwa umetia kwanza dawa ya kufunga amonia kama safari ilikuwa ndefu. Na kama unaagiza katika majira ya baridi, dai boksi la povu, si katoni tupu, kwa kuwa mzigo unaweza kulala usiku kucha kwenye sakafu ya bohari.

SWALI: Samaki klauni wangu wamepata vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Farmasi ya mifugo imeniuzia dawa ya buluu ya samaki. Nimwage kiasi gani katika tangi la lita 120 lenye konokono, kamba na matumbawe mawili laini? (Likasi)

JIBU: Usimwage hata tone. Dawa nyingi za buluu za vidoa vyeupe ni salfeti ya shaba, na msomaji wa barua ya kwanza amekwisha kuambiwa shaba inafanya nini. Tena shaba hiyo hunywewa na mawe na mchanga, kisha hurudi majini kidogo kidogo kwa muda mrefu, hivyo tangi lililotiwa dawa leo linaweza kuua kamba utakayemnunua mwakani.

Vidoa hivyo ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Hukaa kwa samaki siku chache, huanguka mchangani, hujifunga ndani ya kifuko, kisha hutoa mamia ya wengine wanaotafuta samaki. Kwa hiyo wahamishe samaki wote, hata asiye na doa, wakae katika tangi tupu lisilo na mchanga wala mawe, lenye hita, pampu ya hewa na kipande cha bomba la plastiki la kujifichia. Humo ndimo shaba inapotumika, kwa kiwango cha miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita kama ni shaba ya kawaida, kwa wiki mbili au zaidi, ukipima kila siku, kwa kuwa chini ya hapo haiponyi na juu ya hapo inaua. Dawa za shaba iliyofungwa huwa na viwango vyao vingine, basi soma karatasi yake. Tangi kubwa nalo likae bila samaki hata mmoja kwa miezi miwili na nusu, ili vimelea vikose mwenyeji. Konokono, kamba na matumbawe wabaki humo na waendelee kulishwa. Ugonjwa huu hauwapati. Ndoo, wavu na sponji vya tangi la dawa viwekewe alama ya rangi nyekundu na visiguse tena maji ya lile kubwa.

SWALI: Tangi langu lina mwezi wa nane sasa, samaki watatu wazima. Ni matumbawe gani naweza kuanza nayo, na je, kuna sheria yoyote? (Kamalondo)

JIBU: Miezi minane ni muda mzuri, nami nakupongeza kwa subira yako. Anza na Discosoma, yale yenye umbo la uyoga uliolala. Huridhika na mwanga wa wastani, hustahimili saa nyingi za giza umeme unapokosekana, na huzaana yenyewe kwa kuacha vipande vya nyayo zake juu ya jiwe. Baada yake Sarcophyton, tumbawe laini ambalo kila baada ya muda hujifunga, hung'aa kama iliyopakwa nta na kukataa kufunguka kwa siku kadhaa. Huo ni utaratibu wake wa kujivua ngozi, usiitupe. Matumbawe magumu yanayojenga mifupa yaache mpaka uweze kupima kalsiamu na alkali kila wiki bila kukosa.

Sheria ipo. Matumbawe magumu yote yanayojenga mwamba, pamoja na chaza wakubwa wa jamii ya Tridacna, yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na nchi yetu ni mwanachama. Kipande kinachovuka mpaka bila kibali kinaweza kukamatwa na forodha, na kwa haki kabisa. Uyoga na Sarcophyton hazimo katika orodha hiyo, lakini bado dai risiti inayoonyesha zilikotoka, na uchague zilizokatwa na kukuzwa na wafugaji badala ya zilizong'olewa baharini.

Yapo pia yale yanayofanana na vifungo vya rangi nyingi vilivyopangwa juu ya jiwe, Zoanthus na Palythoa. Ni rahisi kufuga na ni mazuri sana, ila baadhi yake yana sumu iitwayo palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana katika viumbe vya bahari. Usiyakate bila glavu na miwani, usiyaguse ukiwa na jeraha mkononi, na jiwe lenye matumbawe hayo lisichemshwe wala kusuguliwa kwa maji ya moto hata siku moja, kwa sababu mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini. Kama una watoto wadogo, ningeyaacha dukani. Kama utayaleta hata hivyo, glavu zitundikwe kwenye msumari kando ya tangi, mahali ambapo mkono hauwezi kufika majini bila kuzipita.